Profesa J.L.B. Smith: Askari aliyerudi na maradhi, akapata utulivu kwa samaki

Mwaka 2003 nyavu za wavuvi katika maji ya Songo Mnara, wilayani Kilwa, zilinasa samaki mzito mwenye magamba magumu na mapezi yaliyokaa mithili ya miguu. Alikuwa silikanti wa kwanza kuthibitishwa katika maji ya Tanzania. Jina la kitaalamu la samaki huyo, Latimeria chalumnae, lilitolewa mwaka 1939 na mtu aliyeifahamu nchi hii kwanza kwa njia chungu, akiwa askari kijana.

Mtu huyo ni James Leonard Brierley Smith, aliyezaliwa Septemba 26, 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa mwanafunzi wa kemia. Aliacha masomo, akajitolea kwenda kupigana Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalikuwa yakimsaka kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck.

Vita hivyo viliacha kovu kubwa kusini mwa Tanzania. Waingereza waliingia Kilwa na Lindi Septemba 1916, na mwaka uliofuata yakafuata mapigano makali ya Mahiwa, bara ya Lindi. Hata hivyo, maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko risasi. Waliopukutika zaidi ni wapagazi wa Kiafrika, ambao kikosi chao ndicho chanzo cha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Smith naye hakusalimika. Malaria na kuhara damu vilimrudisha kwao akiwa mtu mwingine. Hakupata tena afya kamili maisha yake yote.

Alirejea darasani, akapata shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza, na kuanza kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Lakini furaha yake ilikuwa pwani. Tangu utotoni alipenda kuvua kwa ndoano, na baada ya vita mapenzi hayo yaligeuka kuwa elimu. Alikusanya samaki, akawachambua na kuwapa majina, mpaka kemia ikabaki kuwa kazi ya kumpatia mkate tu.

Desemba 22, 1938, meli ya uvuvi Nerine ya Kapteni Hendrik Goosen ilileta bandarini East London samaki asiyejulikana. Msimamizi wa makumbusho ya mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, alimhifadhi kadiri alivyoweza na kumwandikia Smith. Wataalamu waliamini kuwa jamii ya samaki huyo ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alihatarisha heshima yake kwa kutangaza kwamba bado inaishi.

Matumbo ya samaki huyo yalikuwa yametupwa, hivyo ilibidi apatikane wa pili. Kazi hiyo ilichukua miaka 14. Smith na mkewe, Margaret, aliyekuwa msaidizi wake na mchoraji wa samaki, walizunguka pwani ya Afrika Mashariki na kusambaza vipeperushi vilivyoahidi zawadi ya pauni 100. Mwaka 1952 wakiwa Zanzibar walikutana na Eric Hunt, nahodha wa jahazi la biashara, ambaye alivipeleka vipeperushi hivyo Visiwa vya Komoro.

Desemba 20, mwaka huohuo, mvuvi wa kisiwa cha Anjouan, Ahamadi Abdallah, alimvua silikanti kwa mshipi. Hunt alimtia samaki chumvi, kisha dawa, na kumpelekea Smith simu ya maandishi. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, alitoa ndege ya jeshi. Smith alipomwona samaki huyo, alipiga magoti na kulia. Hunt mwenyewe alipotea baharini mwaka 1956, baada ya jahazi lake kukwama mwambani.

Sifa za Smith zina upande wa pili. Katika safari zake alitumia baruti kukusanya samaki miambani, jambo lililoonekana la kawaida kwa watafiti wa enzi zake. Wakazi wa Kilwa na Lindi, ambao kwa miaka mingi wameshuhudia matumbawe yakivunjwa na wavuvi haramu wa baruti, wanaijua gharama ya njia hiyo.

Utulivu aliompa samaki haukuyashinda maradhi hadi mwisho. Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70 na afya ikiwa imemwelemea, Smith alijitoa uhai. Margaret aliiendeleza kazi yao na kuongoza taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe, hadi alipostaafu. Alifariki mwaka 1987.

Baada ya tukio la Songo Mnara, silikanti wengine kadhaa walinaswa Tanga katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 Serikali ilitenga huko hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Hivyo nchi iliyomvunja afya Smith akiwa kijana imekuwa miongoni mwa walinzi wa samaki aliyemfanya ajulikane duniani.