Wilhelm, mtupaji wa akiba aliyeipa kazi hiyo hadhi

Katika besiboli ya Marekani, mtupaji wa akiba, aingiaye mwenzake anapolemewa, zamani alidharauliwa kama mtu asiyefaa kuanza mechi. Hoyt Wilhelm aliifuta dhana hiyo. Alijeruhiwa Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, akacheza na kipande cha chuma mgongoni. Aliingia ligi kuu mwaka wa 1952 akiwa na miaka 29, kuchelewa kulikoje! Mpira wake wa polepole, usiozunguka ila kidogo sana, uliyumba hewani hata mdakaji wake akahangaika. Mwaka wa 1960 klabu ya Baltimore ilimbunia mdakaji huyo glavu kubwa ajabu. Wilhelm alistaafu mwaka wa 1972, akikaribia miaka 50, baada ya mechi 1,070. Mwaka wa 1985 alikuwa mtupaji wa akiba wa kwanza kutawazwa katika Ukumbi wa Mashujaa, Cooperstown. Alifariki mwaka wa 2002.