Luteni James Reese Europe: Aliyeuingiza Mdundo wa Dansi Katika Bendi ya Jeshi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo tungependa kuwaletea wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye methali hiyo ilimgeukia. Alicheza kwao akalipwa fedha lakini akanyimwa heshima. Akavuka bahari akaenda kutunzwa ugenini. Na aliporejea kwao akiwa na sifa tele, hakuishi hata miezi mitatu kuzifaidi. Mtu huyo ni marehemu James Reese Europe, Mmarekani Mweusi, mwanamuziki na mwanajeshi. Jina la ukoo wake ni jina la bara la Ulaya, lakini muziki wake ulikuwa wa watu waliotokana na Afrika, naye hakuona haya kuutangaza hivyo.

Europe alizaliwa tarehe 22 Februari 1880 katika mji wa Mobile, Jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Wazazi wake wote wawili walikuwa wapenzi wa muziki. Alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, jamaa nzima ilihamia Washington, baba yake alikopata kazi katika idara ya posta. Nyumba yao haikuwa mbali na ya John Philip Sousa, yule mtungaji mashuhuri wa nyimbo za gwaride aliyekuwa akiongoza bendi ya jeshi la majini la Marekani. Naye kijana Europe alifundishwa fidla na Enrico Hurlei, aliyekuwa msaidizi katika bendi hiyo hiyo. Basi tangu utotoni masikio yake yalizoea sauti mbili: tarumbeta za serikali zilizopigwa kwa utaratibu mkali, na nyimbo za watu wake zilizoimbwa makanisani na majumbani.

Baada ya baba yake kufariki mwaka 1899, mzigo wa kuitazama jamaa ulianza kumwelemea. Miaka michache baadaye alikwenda New York kutafuta riziki. Fidla haikumpatia kitu, akageukia piano na mandolini, kisha akaajiriwa kuongoza muziki katika michezo ya kuigiza ya Wamarekani weusi, kama vile The Shoo-Fly Regiment na The Red Moon. Huko ndiko alikojifunza kazi ya kuwaongoza watu wengi wapige kama mtu mmoja.

Yafaa tueleze hali ya wanamuziki weusi wa New York katika siku zile. Matajiri weupe waliupenda sana muziki wao katika karamu, ila mpigaji mwenyewe hawakumhesabu kuwa fundi. Mara nyingi aliajiriwa kama mtumishi wa kubeba sahani, kisha akaambiwa apige muziki juu ya kazi hiyo, na malipo yake yakawa ni yale anayotupiwa na wageni. Hakuwa na mkataba, hakuwa na nauli, wala hakuwa na pa kulala akichelewa.

Mwaka 1910 Europe na wenzake waliunda Clef Club, chama kilichokuwa kama umoja wa wafanyakazi na ofisi ya ajira kwa pamoja. Walipata nyumba yao katika mtaa wa 53 upande wa magharibi, wakaweka simu, na tangu hapo aliyetaka muziki alipaswa kuipigia ofisi. Masharti yalikuwa wazi: mshahara uliopatanwa, nauli, chakula na malazi, na mwanamuziki hakuja kuosha vyombo. Nao wanachama walitakiwa wafike kwa wakati, wakiwa wamevaa nadhifu. Hapo tunaona kwamba Europe alielewa jambo kubwa, nalo ni kwamba heshima ya sanaa haiji kwa sifa za mdomo, bali kwa mkataba na nidhamu.

Hata hivyo ubaguzi ulikuwa na vituko vyake. Weupe wengi waliamini kwamba mtu mweusi hawezi kusoma noti, eti anapiga kwa kipaji alichozaliwa nacho. Mpiga piano Eubie Blake, aliyefanya kazi na Europe, alisimulia baadaye jinsi walivyokuwa wakizisoma nyimbo mpya na kuzihifadhi kabla ya karamu, kisha wakafika mikono mitupu bila karatasi, ili waajiri wao wabaki na imani yao na mkate upatikane. Ni jambo la kuchekesha, na ni jambo la kusikitisha pia, kwa mtu kulazimika kuificha elimu yake ili alipwe.

Tarehe 2 Mei 1912 Europe aliwapandisha wenzake zaidi ya mia moja kwenye jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi ulio maarufu kuliko kumbi zote za muziki mjini New York. Onyesho hilo lilikuwa la kuichangia shule ya muziki ya watoto weusi. Safu zilijaa mandolini, banjo na magitaa, na nyuma yake piano nyingi zikapigwa kwa pamoja. Wakosoaji wengine waliuliza kwa nini hakuunda okestra kama za Wazungu. Jibu lake lilikuwa kwamba watu weusi wanayo mawazo yao na ala zinazowafaa, na kwamba wakishika njia ya kuigiza watabaki nyuma ya wanaowaigiza daima.

Muda si mrefu Europe akakutana na Vernon na Irene Castle, mtu na mkewe, wacheza dansi weupe waliokuwa wakipendwa kuliko wote Marekani. Akawa kiongozi wa muziki wao, na kampuni ya Victor ikampa mkataba wa kurekodi sahani za santuri, jambo lililokuwa nadra sana kwa kiongozi wa bendi mweusi. Katika ushirikiano huo ndipo dansi ya fokstroti ilipopata umbo lake, kutokana na mwendo wa pole wa wimbo The Memphis Blues wa W. C. Handy ambao Europe alipenda kuupiga. Hivyo miguu ya matajiri ikafuata mdundo wa weusi, ingawa wapigaji wenyewe waliendelea kupitishwa mlango wa nyuma.

Tarehe 18 Septemba 1916 Europe alijiandikisha katika Kikosi cha 15 cha askari wa akiba wa New York, kikosi cha watu weusi. Aliona kwamba mtaa wa Harlem ulihitaji chombo kama hicho cha kuwaunganisha na kuwafunza wanaume wake. Hakwenda kwa ajili ya muziki. Alifanya mtihani wa uofisa akawa luteni. Lakini mkuu wa kikosi, Kanali William Hayward, alimwomba aunde bendi iliyo bora kuliko zote katika jeshi. Europe alitoa masharti. Bendi ya kawaida ya jeshi ilikuwa na watu 28, naye akasema hao hawatoshi. Tena wapigaji wazuri watataka malipo. Kanali alitafuta msaada, na tajiri mmoja, Daniel Reid, akatoa dola 10,000.

Ikabaki shida ya klarineti. Wanamuziki weusi wa New York waliojua piano, banjo na ngoma walikuwa wengi, ila wa klarineti walikuwa haba. Mwezi Mei 1917 Europe alisafiri hadi kisiwa cha Puerto Rico, ambako miji ilikuwa na bendi zake na vijana walifundishwa kusoma noti barabara, akarudi na zaidi ya wapigaji kumi. Mmoja wao alikuwa Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuja kuwa mtungaji mashuhuri wa nyimbo katika nchi za Amerika ya Kilatini.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Bendi ya jeshi ya wakati ule ilipangiwa gwaride, nyimbo za taifa na vipande vya opera. Dansi ilikuwa mali ya fidla, piano na banjo ndani ya kumbi. Kuihamisha dansi kutoka ukumbini hadi bendi ya tarumbeta kulitaka fundi. Sauti ya fidla ilibidi ipewe klarineti. Mdundo wa banjo na piano ulibidi ugawanywe baina ya ngoma na tarumbeta kubwa za besi. Nazo tromboni zikapewa nafasi ya kuteleza kutoka noti hadi noti. Europe mwenyewe alieleza kwamba wapiga tarumbeta wake walitia vizibo kwenye midomo ya ala, wakauzungusha ulimi na kupuliza kwa nguvu zote, na kwamba walitia mkazo kwenye noti ambazo kwa kawaida hupitwa bila mkazo. Aliongeza kuwa ilimlazimu kuwafanyisha mazoezi kila siku ili kuwazuia wasizidishe madoido kupita yale aliyoyaandika. Wasomaji wanaoikumbuka ngoma ya beni wataelewa upesi: huku kwetu watu walizichukua tarumbeta na gwaride la jeshi wakavifanya dansi, yeye aliichukua dansi akaikabidhi bendi ya jeshi.

Kabla ya kuvuka bahari kikosi kilipelekwa Spartanburg, Jimbo la South Carolina, kwa mafunzo. Huko Noble Sissle, mwimbaji wa bendi na rafiki mkubwa wa Europe, aliingia katika hoteli moja kununua gazeti, akapigwa na mwenye hoteli kwa kuwa hakuvua kofia. Askari wenzake, weusi kwa weupe, walikuwa tayari kuivunja nyumba ile. Europe alisimama kati yao akawaamuru watoke mmoja mmoja kwa utulivu, nao wakatii. Tunaonelea kwamba ushujaa wa siku ile haukuwa mdogo kuliko ule wa vitani, maana risasi moja tu ingetosha kukiangamiza kikosi kizima na jina lake.

Walifika bandari ya Brest, Ufaransa, tarehe 1 Januari 1918. Bendi ilipoanza wimbo wa taifa wa Wafaransa, watu waliosimama gatini walibaki wakitazamana. Hawakuutambua mara moja, kwa jinsi mdundo ulivyokuwa mpya. Baadaye wakaelewa, wakakaza miili na kupiga saluti. Mwezi Februari bendi ilianza safari ya kutumbuiza katika miji mbalimbali hadi Aix-les-Bains. Programu ilianza na nyimbo za gwaride na muziki wa kistaarabu, kama desturi. Lakini ilipofika zamu ya The Memphis Blues, wazee kwa vijana walitikisika vitini.

Jeshi la Marekani halikutaka askari hao wapigane bega kwa bega na weupe. Kwanza waliwekwa kwenye kazi za sulubu, kisha wakakabidhiwa kwa jeshi la Ufaransa, wakapewa bunduki na kofia za Kifaransa, na kikosi kikabadilishwa jina kuwa cha 369. Kilikaa siku 191 katika mstari wa mbele. Europe aliingia mahandakini akiwa ofisa wa kombania ya bombomu. Mwezi Juni 1918 alivuta gesi ya sumu, na akiwa kitandani hospitalini alitunga wimbo kuhusu doria ya usiku aliyoifanya baina ya mahandaki ya pande mbili.

Alipopona alirudishwa kwenye bendi, wakaitwa Paris kwa onyesho moja; wakazuiwa huko wiki nane. Katika bustani ya Tuileries walipiga pamoja na bendi kuu za Uingereza, Ufaransa na Italia. Baada ya hapo, kama Europe alivyosimulia, kiongozi wa bendi ya Garde Républicaine alimwomba noti za wimbo mmoja. Siku ya pili alirudi akilalamika kwamba vijana wake wamezipiga noti zilezile na sauti haitoki. Walishuku kwamba ala za Wamarekani zimefanyiwa ufundi wa siri, wakazikagua. Hawakukuta kitu.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kilipita katika barabara kuu ya Fifth Avenue mjini New York. Askari haohao, walipokuwa wakienda vitani, walikuwa wamenyimwa nafasi katika gwaride la kuwaaga wenzao weupe. Europe alikwenda na bendi yake mbele, na njia nzima katika mitaa ya matajiri hakupiga ila nyimbo za gwaride. Walipoingia Harlem, kwa ndugu zao, ndipo alipoachilia wimbo wa dansi wa kumkaribisha baba nyumbani, na safu za askari zikavunjwa na akina mama waliokimbilia waume na wana wao.

Mwezi uliofuata bendi ilianza ziara ya miji na kurekodi sahani kadhaa kwa kampuni ya Pathé. Usiku wa tarehe 9 Mei 1919, katika ukumbi wa Mechanics Hall mjini Boston, mpiga ngoma mmoja, Herbert Wright, aliyekaripiwa kwa utovu wa nidhamu jukwaani, alimchoma Europe shingoni kwa kisu kidogo. Jeraha lilionekana dogo. Europe aliagiza onyesho liendelee, akapelekwa hospitali, na usiku uleule akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mtu aliyenusurika na gesi na mizinga aliuawa na kisu cha kuchongea penseli mkononi mwa kijana wake mwenyewe.

New York ilimfanyia mazishi ya hadhara, maelfu wakajipanga barabarani, na akazikwa katika makaburi ya mashujaa ya Arlington. Wenzake hawakuiacha kazi izikwe naye: mwaka 1921 Noble Sissle na Eubie Blake walionyesha mchezo wa muziki Shuffle Along mjini New York, nao ukafungua milango iliyokuwa imefungwa kwa wasanii weusi. Na mwaka 2021, zaidi ya miaka mia moja baada ya vita, ndipo Bunge la Marekani lilipokitunukia kikosi hicho Nishani ya Dhahabu.

Basi kila tunapoisikia bendi ya polisi au ya jeshi ikiacha gwaride kidogo na kupiga wimbo wa dansi, na watoto wakaanza kuruka kando ya barabara, tumkumbuke luteni huyu. Mcheza kwao hutunzwa, naam. Lakini kuna wachezao kwao ambao watu wao huchelewa mno kuwatunza.