Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyepima watoto wachanga na kuacha mstari unaofika hadi Ubwari

Siku ya kupima watoto, katika vituo vya afya vya Baraka, Fizi na vijiji vya Ubwari, mama hufika na karti mkononi. Mtoto anatundikwa kwenye mizani, analia, munganga anasoma kilo, kisha anaweka nukta kwenye karatasi yenye mistari inayopanda. Nukta ya leo inaunganishwa na ile ya mwezi uliopita. Mstari wa mtoto ukilala au ukishuka, munganga anaanza kuuliza maswali: amehara? amekuwa na homa? ameachishwa ziwa?

Mmoja wa watu waliofungua njia ya karatasi hiyo hakuwa munganga hata kidogo. Aliitwa Adolphe Quetelet, alizaliwa mjini Gent tarehe 22 Februari 1796, wakati eneo hilo likiwa chini ya Ufaransa. Baba yake alifariki Adolphe akiwa na miaka saba tu, na kijana akaanza mapema kufundisha hesabu ili aishi. Mwaka 1819 akapata udaktari wa hesabu katika chuo kikuu kipya cha Gent, akahamia Brussels.

Ndoto yake ilikuwa nyota. Serikali ilimtuma Paris mwishoni mwa 1823 ajifunze namna ya kuendesha kituo cha kuchunguza anga. Huko alikutana na wakubwa wa hesabu, akiwemo Laplace, akaona jinsi wataalamu wa nyota wanavyopima kitu kimoja mara nyingi, kila kipimo kikitofautiana kidogo, kisha wanatafuta wastani. Aliporudi alikuwa na swali jingine kabisa: je, hesabu hiyo inaweza kutumika kwa mwili wa binadamu?

Mapinduzi ya 1830, yaliyozaa nchi ya Ubelgiji, yalivuruga kazi ya kituo chake cha nyota. Quetelet hakukaa bure. Alipima watoto wachanga mjini Brussels, urefu na uzito, na kuona kwamba wavulana walikuwa na kilo tatu na kidogo, wasichana pungufu kidogo ya hapo. Akaendelea na watoto wa kila umri, vijana, watu wazima na wazee. Mwaka 1835 akatoa kitabu kikubwa juu ya binadamu na maendeleo yake, ambamo kukua kuliwekwa katika majedwali na michoro.

Kabla yake, Mfaransa Montbeillard alikuwa amempima mwanawe mmoja tu, tangu 1759 hadi 1777. Quetelet alichukua watu wengi, lakini kila umri ulikuwa na watoto wake. Hapo ndipo alipokosea. Kila kijana hurefuka ghafla anapobalehe, ila mmoja huanza na miaka 11, mwingine 14. Ukiwachanganya wote na kutafuta wastani, ile kasi inafifia, na Quetelet akaipita bila kuiona. Montbeillard, na mtoto wake mmoja, alikuwa ameinasa. Ndiyo maana hata leo munganga anataka karti ya mtoto yuleyule, mwezi kwa mwezi.

Jambo lake jingine limedumu zaidi. Aliona kwamba kwa watu wazima uzito unaongezeka karibu sawa na urefu ukizidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys aliirudisha hesabu hiyo, na ndiyo ile IMC ambayo wagonjwa wetu huandikiwa hospitalini. Mwanafunzi wake Verhulst naye, mwaka 1838, alichora mstari wa idadi ya watu inayopanda haraka kisha kutulia chakula na nafasi vikipungua. Wataalamu wa samaki na vijidudu wanautumia bado.

Quetelet aliwafundisha hesabu pia wapwa wa mfalme Leopold wa Kwanza. Mtoto wa mfalme huyo, Leopold wa Pili, ndiye aliyejitwalia Kongo mwaka 1885. Quetelet hakuiona siku hiyo. Alipata kiharusi mwaka 1855, kumbukumbu ikadhoofika, akaendelea kuandika hadi alipofariki Brussels tarehe 17 Februari 1874.

Kuna upande wa giza. Quetelet alimwona mtu wa wastani kama mfano bora, na waliomfuata, Mwingereza Galton akiwa mbele, walitumia hesabu hizo kupanga binadamu kwa madaraja. Basi mzazi wa Ubwari ana haki ya kuuliza: mtoto wangu anapimwa kwa mwili wa nani? Si wa Brussels tena. Mistari ambayo OMS iliitoa mwaka 2006 ilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri. Walikua karibu sawa kwa urefu, licha ya bahari kati yao.

Mizani nayo hudanganya. Mtoto mwenye kwashiorkor, ambayo wengi Kivu Kusini huiita bwaki, huvimba maji, na maji yana uzito. Nukta yake inaweza kukaa mahali pazuri huku mtoto anaangamia. Kwa hiyo munganga, kabla ya kuandika, humbonyeza mtoto juu ya mguu kwa kidole gumba na kuangalia kama shimo linabaki.