Binet: Aliyebuni mizani ya akili, akaikataa hukumu yake

MTOTO akirudi na ripoti ya shule huko Ole, kisiwani Pemba, kama ilivyo kwingine nchini, swali la kwanza nyumbani huwa ni ameshika namba ngapi. Akiwa wa arobaini huanza kujihesabu kuwa hana akili, hata kama ndiye ajuaye mkarafuu upi uko tayari kuchumwa na tawi lipi halitambeba. Mfaransa Alfred Binet, ambaye kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya kuipa akili tarakimu, asingeikubali hukumu hiyo.

Binet alizaliwa mjini Nice Julai 8, 1857, baba yake akiwa daktari. Alihitimu sheria mwaka 1878, lakini akaiacha, akawa anashinda katika maktaba kuu ya Paris akijisomea saikolojia pasi na mwalimu. Pengine ndiyo maana aliteleza. Miaka ya 1880, katika hospitali ya Salpêtrière, alitangaza kwamba sumaku huhamisha dalili za maradhi kutoka upande mmoja wa mwili hadi wa pili, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa hipnosi. Mbelgiji Joseph Delboeuf alionesha kuwa wagonjwa walifuata tu matarajio ya madaktari wao. Binet alilazimika kukiri kosa hadharani, fedheha kubwa kwa kijana aliyejiona hodari.

Tangu hapo alijihoji mno. Aliwachunguza binti zake wawili, Madeleine na Alice, akaona kila mmoja anafikiri kwa njia yake. Alipima vichwa vya wanafunzi, akakuta tofauti ni ndogo sana. Akashuku kwamba hata mkono wake unavutwa na anachokitarajia. Vipimo vya vichwa akaviacha.

Mwaka 1904 aliingizwa katika tume ya serikali kuhusu watoto wanaoshindwa masomo. Mwaka uliofuata, yeye na daktari Théodore Simon walitoa majaribio 30, kuanzia kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka hadi kueleza tofauti ya maneno mazito. Shabaha ilikuwa kumtambua mtoto ili asaidiwe. Katika kitabu chake cha 1909 alipinga dhana kwamba akili haiongezeki, akaeleza na mazoezi ya kuikuza, ukiwamo mchezo wa watoto kutulia kama sanamu.

Alifariki Paris Oktoba 18, 1911, akiwa na miaka 54. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, ndiyo IQ. Nchini Marekani, Henry Goddard na Lewis Terman wakaifanya mizani hiyo muhuri wa urithi. Kenya, katika miaka ya 1930, madaktari Gordon na Vint walirudi kwenye kupima ubongo, wakidai kuwa Mwafrika kaumbwa na upungufu. Dai hilo halikusimama.

Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti kutoka Usenge, magharibi mwa Kenya. Watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Karatasi ya majaribio hayo haikuwa na swali hata moja kuhusu dawa hizo.