Sayyid Abdalla, malenga aliyesoma kuta za Pate

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, malenga wa visiwa vya Lamu aliyeishi takriban kati ya 1720 na 1820, alitunga utenzi wa Al-Inkishafi baada ya utajiri wa Pate kuporomoka. Alizikazia macho nyumba za mabwana waliokwisha kufa: vidaka vya nakshi vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri vilikuwa viota vya ndege, na kumbi zilijaa popo. Kwa uzuri huo uliochakaa aliionya nafsi yake isihadaike na dunia. William Hichens aliuchapisha utenzi huo London mwaka 1939. Kijana wa Buyangu, Kakamega, anayetaka kutungia beti mchoro au kinyago ana mwalimu: atazame kwanza, ndipo anene.