Mfalme Hezekia: Aliyeuokoa mji, akaipoteza nchi

WAANDISHI wa Biblia hawakuwa na simile kwa wafalme wa Yuda. Wengi wao walihukumiwa kwa sentensi moja tu, kwamba walitenda maovu, kisha wakazikwa. Hezekia mwana wa Ahazi ni miongoni mwa wachache waliosifiwa, na tena akasifiwa kupita kiasi.

Hata hivyo, mwaka 701 KK mfalme huyo mwema alijikuta amezingirwa ndani ya kuta za Yerusalemu, mkononi amebakiwa na mji mmoja, huku miji mingine yenye ngome ikianguka mmoja baada ya mwingine. Aliokoka. Lakini gharama ya kuokoka kwake ililipwa na watu ambao hawakuwa nyuma ya kuta hizo.

Hezekia alitawazwa akiwa na umri wa miaka 25 na alitawala miaka 29. Wanahistoria wengi huuweka utawala wake kati ya mwaka 715 KK na 687 KK, ingawa wapo wanaouanzisha zaidi ya miaka kumi mapema. Mgogoro huo unatokana na Biblia yenyewe, ambayo inasema Samaria ilianguka katika mwaka wake wa sita na Waashuru wakaivamia Yuda katika mwaka wake wa 14. Matukio hayo mawili yanatenganishwa na miaka zaidi ya 20, hivyo hesabu hiyo haikubaliani.

Alichorithi kwa baba yake kilikuwa aibu. Ahazi, alipobanwa na majirani zake, aliomba msaada wa mfalme wa Ashuru na kumlipa kwa fedha na dhahabu ya hekalu. Tangu hapo Yuda ikawa kibaraka. Upande wa kaskazini, ufalme wa Israeli uliojaribu kuasi ulifutwa kabisa. Samaria ilitekwa mwaka 722 KK, na Mfalme Sargoni wa Pili aliandika kwamba aliwachukua mateka watu 27,290.

Walionusurika walikimbilia kusini. Yerusalemu, uliokuwa mji mdogo juu ya kilima, ukafurika watu na kutanuka kuelekea magharibi.

Mfalme huyo kijana alianza na dini. Alibomoa mahali pa juu ambapo wananchi walikuwa wakitoa dhabihu katika vijiji vyao, akavunja nguzo na kukata sanamu za Ashera. Hakumwacha hata nyoka wa shaba aliyeaminika kutengenezwa na Musa jangwani, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kuvunja kitu cha miungu ya kigeni ni jambo moja. Kuvunja urithi wa Musa kulihitaji ujasiri wa aina nyingine.

Hatua hiyo ilikuwa na faida ya kisiasa pia. Ibada ilipokusanywa Yerusalemu, sadaka nazo zilikusanywa huko, na macho ya watu wa mikoani yakaelekezwa kwa mfalme.

Mwaka 705 KK Sargoni aliuawa vitani na mwili wake haukupatikana. Ashuru ikatikisika, na vibaraka wakaona mwanya. Hezekia aliacha kupeleka kodi, akawa miongoni mwa vinara wa uasi huo, hata akamfunga Yerusalemu mfalme Padi wa Ekroni aliyekataa kuasi. Tegemeo lake lilikuwa Misri, ambayo wakati huo ilitawaliwa na wafalme wa Kushi kutoka eneo ambalo leo ni Sudan. Nabii Isaya aliwaonya watawala wa Yuda kwamba tegemeo hilo ni bure. Hawakumsikia.

Maandalizi yake ya vita yanaonekana hadi leo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata zaidi ya vipini 2,000 vya mitungi vilivyopigwa mhuri wa kuonyesha kuwa ni mali ya mfalme. Katika miaka ya 1970 ulifukuliwa ukuta wa unene wa mita saba hivi, ambao ulipita juu ya nyumba za watu. Isaya aliwalaumu wakuu wa mji kwa kubomoa nyumba ili kuimarisha ukuta, kwa hiyo wakazi wake waliipoteza mali yao hata kabla adui hajafika.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya maji. Chemchemi ya Gihoni ilikuwa nje ya ukuta, mahali ambapo adui angeweza kuiteka. Mafundi wakachimba handaki la mita 533 ndani ya mwamba, kundi moja likianzia upande huu na jingine upande ule, katika njia iliyopinda kama nyoka. Walikutana katikati. Maandishi yaliyochongwa humo, ambayo yaligunduliwa mwaka 1880, yanaeleza jinsi wachimbaji walivyosikia sauti za wenzao kupitia mwamba. Jiwe hilo liko Istanbul, kwa kuwa wakati huo Yerusalemu ilikuwa chini ya Waturuki.

Senakeribu, mwana wa Sargoni, alikuja mwaka 701 KK. Kwa hesabu yake mwenyewe aliteka miji 46 yenye kuta na kuwatoa humo watu 200,150, idadi ambayo wanahistoria wengi wanaiona imetiwa chumvi. Kuanguka kwa Lakishi, mji wa pili kwa umuhimu, alikuchonga kwenye kuta za jumba lake Ninawi. Michongo hiyo, ambayo sasa iko London, inaonyesha familia zikitoka na mizigo yao kwenye mikokoteni ya ng'ombe, na wanaume wakichunwa ngozi. Jeshi la Misri lilipotokea lilipigwa.

Hezekia akanywea. Alituma ujumbe Lakishi kukiri kosa, akatozwa talanta 30 za dhahabu na talanta 300 za fedha. Waashuru wanasema fedha ilikuwa talanta 800, lakini kuhusu dhahabu pande zote mbili zinakubaliana. Ili kuipata, alibandua dhahabu ya milango ya hekalu, dhahabu ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika.

Hata hivyo amiri wa Ashuru alikuja hadi ukutani na kuwataka watu wasalimu amri, akisema kwa Kiebrania. Maofisa wa Hezekia walimsihi atumie Kiaramu, lugha ya mabalozi wa zama hizo. Akakataa, maana aliowataka wamsikie ni wale ambao wangekufa njaa. Watu ukutani walikaa kimya kama mfalme alivyoagiza.

Mji haukuanguka. Biblia inasema malaika aliwaua askari 185,000 kwa usiku mmoja. Senakeribu anajigamba kuwa alimfungia Hezekia kama ndege tunduni, lakini hadai popote kwamba aliingia Yerusalemu, na kwa mfalme wa aina yake kimya hicho kina maana. Miji aliyoiteka aliwagawia wafalme wa Wafilisti.

Biblia inasimulia pia kwamba Hezekia aliugua jipu karibu ya kufa, akalia, akaongezewa miaka 15, na mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Wajumbe wa Babeli wakaja kumpa pole, naye akawaonyesha hazina yake yote. Babeli ilikuwa adui wa Ashuru, na ni vigumu kuamini kuwa pole ndiyo iliyowaleta. Isaya alimwambia kwamba siku moja mali hiyo yote, pamoja na wazao wake, vitachukuliwa Babeli. Hezekia aliridhika kwa kuwa katika siku zake mwenyewe kungekuwa na amani. Katika habari zake zote, jibu hilo ndilo linalomwondolea heshima kuliko lolote.

Alizikwa kwa heshima karibu na makaburi ya uzao wa Daudi. Mwanawe Manase, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alijenga upya mahali pa juu na kurudi chini ya Ashuru. Jina lake limo katika orodha ya wafalme 22 walioamriwa kusafirisha vifaa vya ujenzi hadi Ninawi, kwa ajili ya jumba la mwana wa Senakeribu.