Padre Christian Mayer na Orodha ya Nyota Pacha

Usiku, katika barabara itokayo Likasi kuja Lubumbashi, lori likiwa bado mbali taa zake mbili huonekana kama taa moja. Likikaribia, ile moja hugawanyika ikawa mbili. Ziko nyota zilizo na tabia kama hiyo. Katika miezi ya kiangazi, mbingu ya Katanga isipokuwa na mawingu, Msalaba wa Kusini huonekana wazi upande wa kusini, na karibu nao huwaka nyota mbili kubwa zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alfa ya Kentauri. Jicho huiona kuwa moja, lakini darubini huonyesha kwamba ni mbili. Hata nyota ya mguu wa Msalaba wenyewe ni mbili.

Wa kwanza kutambua jambo hilo katika mbingu ya kusini walikuwa mapadre waliokuwa safarini. Mwaka 1685 Padre Jean de Fontaney, Myesuiti, aliteremka katika Rasi ya Tumaini Jema, kwenye ncha ya Afrika, akielekea Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand. Huko aliiona nyota ya mguu wa Msalaba ikiwa mbili. Mwaka 1689 Padre Jean Richaud wa shirika lilo hilo, akiwa Pondicherry katika Bara Hindi, alikuwa akiitazama nyota yenye mkia, akagundua kwamba Alfa ya Kentauri nayo ni pacha. Lakini waliyaandika hayo kama mambo ya ajabu yaliyoonwa njiani, kisha wakaendelea na kazi zao. Kwa karibu miaka 100 hakuna mtu aliyezitafuta nyota za namna hiyo moja baada ya moja, akapima mahali pake, akaziandika zote katika kitabu kimoja. Aliyefanya hivyo ni Padre Christian Mayer, na kazi hiyo ilimletea aibu kabla ya kumletea sifa.

Christian Mayer alizaliwa tarehe 20 Agosti 1719 katika nchi ya Moravia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alijifunza Kilatini, Kigiriki, hesabu, falsafa na teolojia. Alipopita kidogo umri wa miaka 20 alitaka kuingia katika Shirika la Yesu. Baba yake alikataa katakata. Hawakupatana. Kijana akaondoka nyumbani, akaenda mbali hata mji wa Mannheim katika Ujerumani, na huko akapokewa katika unovisi mwaka 1745. Alipomaliza mafunzo alifundisha lugha na hesabu, na mwaka 1752 akafanywa mwalimu wa hesabu na fizikia katika chuo kikuu cha Heidelberg.

Mtawala wa nchi hiyo, Karl Theodor, alipenda elimu na sanaa, tena alikuwa na fedha. Akamfanya Padre Mayer kuwa mnajimu wake. Neno hilo lisieleweke vibaya. Wako wanajimu wanaodai kusoma bahati ya watu katika nyota. Huyu hakuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kupima mahali pa nyota na mwendo wake, kama fundi apimavyo kiwanja kabla ya kujenga. Mwaka 1761 aliitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya uso wa jua, jambo litokealo kwa nadra sana, naye aliitazama huko Schwetzingen, penye jumba la kiangazi la mtawala. Zuhura ilipopita tena mwaka 1769, alialikwa na Warusi mpaka Petersburg, mji wa malikia Katarina wa Pili, apate kuipima huko.

Baada ya kurudi alijengewa mnara wa kutazamia nyota mjini Mannheim. Ujenzi ulianza mwaka 1772. Ndipo likaja pigo. Mwaka 1773 Baba Mtakatifu Klementi wa Kumi na Nne, akisongwa na wafalme wa Ulaya, alilivunja Shirika la Yesu. Nyumba za shirika zilifungwa, ndugu wakatawanyika. Padre Mayer, aliyekuwa amemwacha baba yake kwa ajili ya shirika hilo, alibaki padre asiye na shirika, mwenye umri wa miaka 54. Mtawala hakumfukuza. Mnara ulimalizika, na vyombo vikaletwa kutoka London, hasa kimoja kikubwa kilichotengenezwa na fundi mashuhuri John Bird.

Chombo hicho kilikuwa robo ya duara, nacho kilifungwa imara ukutani kuelekea kusini na kaskazini barabara. Juu yake palikuwa na darubini iliyoweza kupandishwa na kushushwa, lakini haikugeuka kulia wala kushoto. Mtazamaji hakuifuata nyota, aliingoja. Kwa kuwa dunia huzunguka, kila nyota hufika mbele ya darubini kwa saa yake na kupita. Ndani ya darubini mliwekwa uzi mwembamba sana. Nyota ikiugusa uzi, mtazamaji aliandika saa, dakika na sekunde. Kimo cha nyota alikisoma katika alama za robo duara. Kwa njia hiyo nyota mbili zilizo karibu karibu hupimwa vizuri: moja hugusa uzi, na baada ya sekunde chache, au hata chini ya sekunde moja, mwenzake hugusa. Tofauti ya saa huonyesha umbali baina yao upande wa mashariki na magharibi, na tofauti ya kimo huonyesha umbali wao upande wa kaskazini na kusini.

Ni kazi ya kuchosha. Usiku wa Ujerumani ni wa baridi kali, na moto hauwezi kuwashwa karibu na darubini, kwa maana hewa ya moto huitetemesha nyota. Nyota ikipita bila kupimwa, sharti kungoja mpaka usiku wa pili, kama mawingu hayakuja.

Katika kazi hiyo Padre Mayer aliona kwamba nyota nyingi zilizohesabiwa kuwa moja zina mwenzi mdogo kando yake. Akaanza kuwatafuta wenzi hao kwa makusudi. Mwaka 1777 alitangaza mjini Mannheim kwamba amewaona zaidi ya 100. Tena alisema neno zito zaidi: kwamba wengine kati ya wenzi hao si majirani wa macho tu, bali wamefungamana na nyota kubwa kweli kweli na kuizunguka.

Hapo ndipo penye shina la shauri lote. Taa mbili zionekanazo karibu gizani zaweza kuwa taa za lori moja. Lakini pia yaweza kuwa moja ni ya nyumba iliyo hapa karibu, na nyingine ni ya nyumba iliyo mbali nyuma yake, zikaonekana pamoja kwa sababu zimeangukia mstari mmoja na jicho. Karibu wataalamu wote wa siku zile waliamini kwamba nyota pacha ni za namna hii ya pili. Mwingereza mmoja, John Michell, naye mchungaji wa kanisa la nchi yake, alikuwa ameonyesha kwa hesabu mwaka 1767 kwamba jozi ni nyingi mno kuwa za bahati tu. Lakini wachache walimsikiliza.

Padre Mayer aliwaita wale wenzi kwa neno la Kijerumani lililotumika kwa miezi iizungukayo sayari. Neno hilo lilileta fitina. Watu walidhani anasema ameona vitu vya giza, kama mwezi wetu, vikizizunguka nyota zilizo mbali kupita kiasi. Na darubini ya kuona kitu kama hicho haikuwako duniani. Aliyempinga kwa nguvu hakuwa mtu wa nje. Alikuwa Padre Maximilian Hell, mnajimu mkuu wa Vienna, naye Myesuiti kama yeye, aliyepoteza shirika lilo hilo mwaka ule ule. Padre Hell aliandika hadharani kwamba madai ya Mannheim hayana msingi. Jina la Hell lilikuwa kubwa katika Ulaya nzima, na wengi waliona inatosha kwamba yeye amesema.

Shutuma ya ndugu huuma kuliko ya adui, nayo ilimwuma. Mwaka 1778 Padre Mayer alitoa kitabu cha kujitetea, kwa Kijerumani, kusudi kisomwe na watu wote. Mwaka uliofuata akatoa kingine kwa Kilatini, lugha ya wataalamu wa kila nchi. Wakati huo huo mtawala wake alikuwa amerithi nchi ya Bavaria, akahamia Munich pamoja na wakuu wake wote. Mannheim ukawa mji mkimya. Mzee alibaki na mnara wake na vyombo vyake.

Lakini utetezi wake wenye nguvu haukuwa maneno, ulikuwa orodha. Kwa kila jozi aliandika mahali pa nyota kubwa angani, kadiri ya mwanga wa kila moja, na umbali wa mwenzi kwa pande zote mbili. Mtu ye yote mwenye darubini nzuri, awe Paris au London, aliweza kuielekeza mahali palipoandikwa akajionea kama mwenzi yupo au hayupo. Hakulazimika kumwamini Mayer, wala kumwamini Hell. Mwaka 1781 Johann Elert Bode wa Berlin aliichapa orodha hiyo katika kitabu chake cha falaki kilichotoka kila mwaka. Ilikuwa na jozi 80. Hiyo ndiyo orodha ya kwanza ya nyota pacha iliyopata kuchapwa, na kwa kuwa kitabu cha Bode kilienea, iliwafikia hata watu wasio na mnara wala mshahara wa mtawala.

Katika siku hizo hizo, mtu mmoja katika mji wa Bath, Uingereza, alikuwa akipiga kinanda kanisani na kufundisha muziki mchana, na usiku akitazama nyota kwa darubini alizozitengeneza kwa mikono yake. Ni William Herschel, mzaliwa wa Hanover. Yeye naye alikuwa amekwisha kuanza kuzitafuta nyota pacha tangu mwaka 1779, na darubini zake zilikuwa kali kuliko ile ya Mannheim. Mwaka 1782 alitoa orodha ya jozi 269. Orodha ya Padre Mayer ilifunikwa mara moja, kama taa ifunikwavyo na mapambazuko.

Padre Mayer hakuishi kuona mwisho wa shauri. Alifariki Heidelberg katika Aprili 1783, akiwa na umri wa miaka 63. Wengi bado walimdhania kuwa mzee aliyedanganywa na macho yake.

Miaka 20 ilipita. Herschel alikuwa ameendelea kuzipima jozi zile zile, na mwaka 1803 alitangaza kwamba baadhi yake, kama Kastor katika kundi la Mapacha, zimebadilika namna zinavyokaa. Nyota ndogo ilikuwa imesogea kuizunguka kubwa, pole pole, pasipo shaka. Basi nyota hufungamana na kuzungukana. Padre Mayer alikosea katika mengi: vipimo vyake vya miaka michache havikutosha kuthibitisha mzunguko wo wote, tena jozi kadhaa alizoziandika ni za bahati tu. Lakini katika neno lile kubwa alikuwa amesema kweli, na nyota zake zilikuwapo mahali alipoandika kwamba zipo.

Padre Hell naye alipatwa na yake. Baada ya kufa kwake mwaka 1792, mnajimu mwingine wa Vienna alimshutumu katika mwaka 1835 kwamba alighushi vipimo vyake vya Zuhura vya mwaka 1769, alivyovifanya kaskazini ya mbali katika Norwei. Aibu hiyo ilikaa juu ya jina lake karibu miaka 50. Mwaka 1883 Mmarekani Simon Newcomb aliyachunguza maandishi yenyewe ya Hell, akaona kwamba hakughushi kitu.

Orodha ya Mannheim ilikuwa na upungufu mmoja usioweza kuepukwa. Kutoka Ujerumani, Msalaba wa Kusini na Alfa ya Kentauri havionekani kamwe, kwa kuwa haviinuki juu ya upeo wa nchi. Mbingu ionekanayo Lubumbashi ilingoja watu wengine. Mmoja wao ni Robert Innes, aliyezaliwa Edinburgh, akaacha shule akiwa mtoto, akawa mfanyabiashara wa mvinyo huko Sydney, akitazama nyota kwa kupenda tu. Mwaka 1896 aliiacha biashara, akaja Rasi ya Tumaini Jema kufanya kazi ya karani katika nyumba ya falaki. Mwaka 1899 orodha yake ya nyota pacha za kusini ilichapwa. Baadaye aliongoza nyumba ya falaki ya Johannesburg.

Leo orodha kuu hutunzwa Washington, nayo ina jozi zaidi ya 150,000. Watu wengi wasiolipwa kitu, wenye darubini ndogo uani, bado huleta vipimo vyao humo. Mnara wa Mannheim ungali umesimama, na shimo moja kubwa katika uso wa mwezi limepewa jina la Christian Mayer. Zile mbili za Alfa ya Kentauri huzungukana mara moja katika muda wa miaka karibu 80. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika Lubumbashi, angeziona zimerudi namna zilivyokaa alipozaliwa mnamo mwaka 1990. Kastor huchukua zaidi ya miaka 400, na tangu Herschel alipotangaza, haijamaliza bado mzunguko wake wa kwanza.